Mchungaji wa Kundi la Usiku

Mwaka 2013 chuo chetu cha theolojia kilinipeleka Marekani kusoma shahada ya uzamili. Nilikaa Minnesota, jimbo lenye Walutheri wengi na baridi ambayo hata sisi tuliozaliwa Nyanda za Juu Kusini hatuna jina lake. Nilipokelewa katika nyumba ya mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, msharika wa kanisa lililokuwa karibu na chuo. Wiki ya kwanza tu aliniambia kwamba kila Alhamisi jioni watu saba au wanane hukutana katika chumba cha chini cha kanisa kusikiliza jazi. Nikipenda, alisema, tufuatane.

Nilisita. Katika masikio yangu neno hilo halikuwa jina la muziki wa Wamarekani. Nilipokuwa mtoto lilikuwa jina la bendi zetu: Morogoro Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz. Lilikuwa na maana ya magitaa, tarumbeta, ukumbi wa dansi, pombe, na waume wanaorudi nyumbani alfajiri. Baba yangu alikuwa mwinjilisti. Wimbo wa Mbaraka Mwinshehe ukianza redioni, mkono wa baba ulikuwa umeshafika kwenye kitufe kabla gitaa halijakolea. Sasa nilikuwa naalikwa kusikiliza jazi chini ya kanisa, tena la Kilutheri, tena na mzee wa kanisa. Nilikwenda kwa adabu ya mgeni, si kwa moyo.

Nilichokikuta kilinishangaza. Hapakuwa na pombe wala dansi. Palikuwa na birika la kahawa, viti vya plastiki, gramafoni moja nzuri, na masanduku ya santuri. Walikuwa watu wa makamo na wazee: mama mmoja mwalimu mstaafu, fundi bomba, muuguzi wa zamu ya usiku, na kijana mmoja aliyesomea kompyuta. Kila Alhamisi mmoja wao alileta santuri aliyoichagua. Aliitoa katika jalada lake akiishika kwa kingo tu, vidole visiguse uso wake, akaifuta vumbi kwa kitambaa laini, akashusha sindano. Kanuni ilikuwa moja: upande mmoja wa santuri ukianza, hakuna kuzungumza mpaka uishe. Ni kama dakika ishirini. Nimeongoza ibada nyingi ambazo washarika hawakuweza kunyamaza dakika tano.

Upande ukiisha, maneno yalianza, na hayakuwa machache. Walibishana kama nani alipiga besi vizuri zaidi, kama santuri ya njia moja ya sauti ina uhai kuliko ya njia mbili, kama mpiga saksafoni fulani aliharibikiwa au alikomaa alipoacha kupiga nyimbo zenye umbo la kawaida. Jioni moja fundi bomba aliinua santuri kwenye taa akaniambia nisome kilichochongwa kwenye ile sehemu laini iliyo kati ya mwisho wa muziki na karatasi ya katikati. Niliona herufi tatu ndogo: RVG. Akanieleza kwamba huyo ni Rudy Van Gelder, mpimaji macho wa New Jersey aliyeanza kwa kuwarekodi wanamuziki sebuleni kwa wazazi wake, na mwaka 1959 akajenga studio yake mwenyewe pale Englewood Cliffs. Wakusanyaji hutafuta herufi hizo. Kwenye santuri za kampuni ya Blue Note hutafuta pia alama nyingine ndogo inayofanana na sikio. Ni alama ya kiwanda kilichozichapa mpaka kampuni ilipouzwa. Santuri yenye sikio na isiyo na sikio zina muziki ule ule, lakini bei zake haziko karibu.

Nilicheka moyoni, kisha nikaacha. Maana nami nilikuwa nimevuka bahari ili nijifunze kulinganisha nakala za kale za Agano Jipya, nakala ipi ilitangulia ipi, na mwandishi yupi aliruka mstari. Hawa walikuwa ndugu zangu.

Jioni nyingine mwalimu mstaafu alileta Kind of Blue ya Miles Davis, santuri ambayo hata asiyejua jazi huenda ameisikia. Ilirekodiwa New York tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, katika studio ya Mtaa wa 30, ambayo kabla ya kuwa studio lilikuwa jengo la kanisa. Mama yule alikuwa na nakala mbili, ya zamani na ya baadaye, na alitaka tusikie tofauti. Alieleza hivi. Siku ile ya kwanza ya kurekodi, mashine kuu ilikuwa inazunguka polepole kidogo kuliko inavyotakiwa. Kwa hiyo mkanda wake ulipochezwa kwenye mashine iliyo sahihi, muziki ulikwenda mbio kidogo na sauti ikapanda kidogo. Upande wa kwanza wote ulitoka hivyo. Wanafunzi wa muziki waliokaa na ala zao kupiga pamoja na santuri hiyo walishangaa kwa nini hawalingani nayo. Haikurekebishwa mpaka mwaka 1992, waliporudi kwenye mkanda wa akiba uliorekodiwa siku ile ile kwa mashine nyingine iliyokuwa sawa. Kwa miaka thelathini na mitatu ulimwengu uliupenda muziki ulionyanyuliwa kidogo kutoka mahali pake, wala watu wengi hawakujua.

Niliandika jambo hilo katika daftari langu. Nililiona kuwa mfano mzuri wa Matengenezo ya Kanisa: watu waliendelea kuimba kwa upendo, lakini ufunguo ulikuwa umesogea, na dawa haikuwa kutunga wimbo mpya bali kurudi kwenye chanzo. Nilikusudia kuutumia kufundishia wanafunzi. Sikujua bado kwamba mashine iliyokuwa inazunguka vibaya ilikuwa mimi.

Kabla ya hapo kulikuwa na furaha moja. Mwenyeji wangu, akijua nimetoka Tanzania, alipekua masanduku yake wiki nzima. Alhamisi ilipofika alileta santuri ya Randy Weston, mpiga piano wa Brooklyn, iliyorekodiwa Novemba 1960. Jina lake ni la Kiswahili: Uhuru Afrika. Akashusha sindano. Ngoma zikaanza, kisha katika chumba kile cha chini, theluji ikiwa imeziba madirisha, ikatoka sauti ya mwanaume akisema Kiswahili. Ilikuwa sauti ya Tuntemeke Sanga, Mtanganyika. Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, na Weston alitaka yasikike pia kwa lugha ya Kiafrika. Lugha aliyoichagua ni yetu. Nchi yangu ilikuwa bado haijapata uhuru, na huku Mtanganyika alikuwa ameshautangaza juu ya ngoma. Wote waligeuka kunitazama. Nilijikuta nafuta macho kwa kitambaa kilichokuwa cha kufutia santuri. Tangu siku ile sikuwa mgeni tena pale.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya.

Ilikuwa Alhamisi ya Kwaresima. Muuguzi alileta santuri ya John Coltrane iitwayo A Love Supreme. Jina hilo maana yake ni upendo ulio mkuu kupita wote. Coltrane alizaliwa North Carolina mwaka 1926, na babu zake, wa upande wa baba na wa mama, walikuwa wahubiri wa kanisa la Kimethodisti la watu weusi. Alikua akisikia mahubiri na tenzi. Akawa mpiga saksafoni, na kama wengi wa rika lake akafungwa na heroini na pombe, hata akafukuzwa katika bendi ya Miles Davis. Mwaka 1957 aliviacha vyote viwili. Yeye mwenyewe aliandika kwenye jalada la santuri hii kwamba mwaka huo Mungu kwa neema yake alimwamsha rohoni, na kwamba kazi hii ni shukrani yake. Aliirekodi kwa Van Gelder tarehe 9 Desemba 1964, siku ambayo sisi huku tulikuwa tunaadhimisha miaka mitatu ya Uhuru. Walikuwa wanne tu: saksafoni, piano, besi na ngoma.

Ina sehemu nne, na ya mwisho inaitwa Zaburi. Katika jalada kuna sala ndefu aliyoitunga, nayo haiimbwi. Muuguzi alinipa jalada mkononi akaniambia nifuatishe kwa kidole huku nikisikiliza. Ndipo nikaelewa. Saksafoni ilikuwa inaisoma sala ile neno kwa neno, silabi kwa silabi, ikipanda anapomtaja Mungu na kushuka anaponyenyekea. Nilikuwa nimesoma liturujia kwa miaka kumi, na sikumbuki kama niliwahi kuisoma hivyo.

Hapa niseme wazi ili nisimkwaze mtu. Coltrane hakuwa Mkristo kwa jinsi tunavyoeleza katika Katekisimu. Alisoma vitabu vya dini nyingi, na katika zote alitafuta Mungu mmoja. Simfanyi mtakatifu. Nasimulia nilichosikia.

Upande ulipokwisha hakuna aliyebishana. Kisha mwenyeji wangu akasema, kama mtu anayekumbushia habari ya kawaida, "Unajua alizikwa na mmoja wetu?"

Nikauliza, mmoja wetu nani?

"Mchungaji wa Kilutheri."

Akanisimulia. Coltrane alifariki tarehe 17 Julai 1967 kwa saratani ya ini, akiwa na miaka arobaini. Siku nne baadaye ibada ya mazishi yake ilifanyika katika Kanisa la Kilutheri la Saint Peter's, Lexington Avenue, New York. Aliyeiongoza ni Mchungaji John Garcia Gensel. Ile sala ya Upendo Mkuu ilisomwa na rafiki yake. Albert Ayler na wenzake walipiga mwanzoni mwa ibada, Ornette Coleman na wenzake wakapiga mwishoni.

Gensel alikuwa mzaliwa wa Puerto Rico. Alipoanza kuupenda muziki huu aliona jambo ambalo wengine hawakuliona: wanamuziki hufanya kazi Jumamosi mpaka alfajiri, kwa hiyo Jumapili asubuhi kanisa linapopiga kengele wao wamelala. Si kwamba wamemkataa Mungu, wamechoka. Basi akawafuata. Usiku alikwenda kwenye vilabu walikopigia, akakaa, akasikiliza, akajua majina yao, wake zao na madeni yao. Akaanzisha ibada ya jioni ya Jumapili, ambayo wangeweza kuifikia wakiwa macho. Mwaka 1965 kanisa lilimweka rasmi kuwa mchungaji wa watu wa jazi. Aliwafungisha ndoa, akawatembelea hospitalini, akawazika. Duke Ellington alimtungia muziki akauita kwa jina linalomaanisha mchungaji alindaye kundi la usiku. Kila Mlutheri aliyesoma Luka sura ya pili anajua ni wachungaji gani walikuwa macho usiku, na ni habari gani iliwafikia wao kwanza.

Mwenyeji wangu alimaliza kahawa yake, akaniuliza kwa nia njema kabisa: "Na ninyi kule kwenu, wanamuziki wenu mnawafanyaje?"

Sikumjibu. Nilisema nina kazi ya chuo, nikaenda chumbani kwangu. Sikulala usiku ule.

Mpendwa msomaji, nilichomficha mzee yule ndicho hiki.

Miaka saba kabla ya hapo, nikiwa mchungaji kijana katika usharika wangu wa kwanza, alifariki mpiga saksafoni wa bendi ya dansi. Alizaliwa kijijini kwetu, akaenda mjini, akapiga muziki katika kumbi na baa kwa zaidi ya miaka ishirini. Aliporudi, alirudi akiwa mgonjwa, na mwanamke ambaye hawakufunga ndoa kanisani. Mwili wake haukumaliza mwezi nyumbani kwa mama yake.

Wazee wa kanisa walikuja na daftari la usharika. Hajashiriki Meza ya Bwana miaka kumi na moja. Hana bahasha ya ahadi. Hajatubu hadharani, hajarudi kundini. Nilikuwa na miezi minane tangu nibarikiwe kuwa mchungaji, na niliogopa kuonekana mlegevu. Nilisema utaratibu ni utaratibu. Kengele isipigwe. Mwili usiingizwe kanisani. Mchungaji hatakwenda, mwinjilisti wa mtaa aende bila kanzu, aombe sala fupi ya kuwafariji wafiwa, basi.

Jioni mama yake alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa mwanakwaya mkongwe, mmoja wa wale kina mama wanaofagia kanisa Jumamosi bila kuambiwa. Hakulia. Alisema, "Baba mchungaji, mwanangu alibatizwa humu. Mimi ndiye niliyembeba." Alisema hilo tu. Nami, niliyefundishwa katekisimu tangu utotoni, nilimjibu kwa habari ya bahasha na Meza ya Bwana.

Siku ya mazishi wenzake wa bendi walikuja kutoka mjini na basi la asubuhi. Walikuwa wanne, wameleta vyombo vyao, wakaomba wapige wimbo mmoja kaburini. Nilituma neno kwamba hairuhusiwi. Nilikuwa nimesimama dirishani kwangu, ng'ambo ya bonde, nikaona watu wakishuka na jeneza. Wale wanne walibaki barabarani, saksafoni ikiwa imefungwa katika khanga kama mtoto. Walisimama mpaka udongo ulipokwisha kufukiwa, wakapanda basi la mchana.

Kwa miaka saba nilijiambia kwamba nililinda heshima ya kanisa. Usiku ule Minnesota nilijua kwamba sikulinda chochote. Mchungaji mwenzangu, mwenye Katekisimu ile ile na Ungamo la Augsburg lile lile, alifungua mlango wa kanisa kwa mtu ambaye hata hakuwa msharika wake, akaacha saksafoni zilie ndani yake. Mimi niliufunga mlango kwa mtoto aliyebatizwa ndani yake. Na Luther, ambaye kwa jina lake tunaitwa, aliuweka muziki karibu kabisa na theolojia, na alifundisha kwamba ubatizo ni ahadi ya Mungu isiyovunjika hata sisi tukiivunja. Merikebu haizami, ni sisi tunaoanguka kutoka ndani yake, na njia ya kurudi ni kuipanda ile ile. Daftari la usharika lilikuwa na kurasa nyingi. Ukurasa wa ubatizo wake sikuufungua.

Mwaka uliofuata, kabla ya kurudi nyumbani, nilijikusanyia nauli nikaenda New York. Jengo ambamo Coltrane aliagwa halipo tena. Kanisa la sasa lilifunguliwa mwaka 1977 pale pale, chini ya jengo refu la ofisi. Ni kanisa ambalo mtu akipita barabarani anaweza kuchungulia ndani kwa dirisha kubwa akaona madhabahu huko chini. Nilikaa benchi la nyuma katika ibada ya jioni. Palikuwa na piano, besi na mama mmoja mwimbaji. Hapakuwa na jambo la ajabu. Kulikuwa na somo, zaburi, sala, sadaka. Watu wengine waliingia wakiwa na mabegi ya ala, na mmoja alisinzia. Nilimwangalia aliyesinzia, nikafikiri kwamba huenda huyo alipiga mpaka alfajiri, na mtu alijali kumwekea ibada saa ambayo angeweza kufika.

Nilirudi nyumbani nikapangiwa kufundisha chuoni. Ilinichukua miezi mitano kupata ujasiri wa kupanda kilima kile. Mama yule alikuwa hai, amepungua, anatembea kwa fimbo. Alinijua kwa sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni mchungaji wetu wa zamani?"

"Ndiye, mama."

Nilipiga magoti sakafuni. Nilimwambia yote, bila kujitetea kwa ujana wangu wala kwa wazee wa kanisa. Nilimwambia nilikosa mbele za Mungu, mbele yake na mbele ya mwanawe. Alikaa kimya muda mrefu. Kuku waliingia ndani, akawafukuza kwa fimbo, akakaa tena. Kisha akasema:

"Mimi nilikwisha kusamehe. Nasali Baba Yetu kila siku, pale mahali singeweza kuparuka. Lakini kengele, mwanangu. Kengele sikuisikia."

Nimesikia mahubiri mengi juu ya msamaha, na nimehubiri mengi. Sijawahi kusikia mtu akieleza kwa maneno machache namna hii kwamba msamaha ni wa kweli na kidonda pia ni cha kweli. Mimi nilikuwa nimekuja nikitaka kimoja kifute kingine.

Nilikwenda kwa mchungaji wa usharika, kisha kwa baraza la wazee. Mjadala ulikuwa mrefu. Mzee mmoja aliuliza, tukifanya hivi, vijana watajifunza nini? Watajifunza kwamba mtu aishi atakavyo na mwisho kanisa litampigia kengele? Swali lake si la kipuuzi. Nidhamu ya kanisa ipo ili kumrudisha mtu, na Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho habari zake bila kuficha. Nilimjibu kwamba nidhamu ni fimbo ya mchungaji, nayo humvuta kondoo aliye hai. Sisi tuliichukua tukampiga nayo mama wa aliyekufa. Na katika miaka ile ishirini ya baa na kumbi, je, kuna mmoja wetu aliyewahi kwenda kumtafuta? Tulimhesabia Jumapili alizokosa. Hakuna aliyehesabu usiku ambao hatukwenda. Yule mzee hakukubali, na mpaka leo hakubali, lakini wengi walikubali.

Jumapili ya mwisho ya mwaka wa kanisa, tunapowakumbuka waliotutangulia, majina yalisomwa kama kawaida, na jina lake likasomwa. Kengele ilipigwa. Mama alikuwa ameketi benchi la mbele, fimbo kati ya magoti. Katika wale wanne wa bendi tulimpata mmoja tu. Wawili walishakufa, mmoja hajulikani alipo. Huyo mmoja alikuja na saksafoni ya marehemu, ile ile ya kwenye khanga, iliyokuwa imelala chini ya kitanda. Funguo zake mbili zilikuwa hazifungi vizuri. Alipiga Mwamba Wenye Imara, polepole, na mahali pawili sauti ilimkatikia akabidi aanze upya. Hakuna aliyecheka. Yule mzee aliyepinga alitoka nje kabla wimbo haujaisha. Mama aliimba mpaka ubeti wa mwisho.

Sikusimulia haya ili tudhani kila jambo limekwisha. Wale watatu wengine hawakuisikia kengele. Mwanamke aliyemuuguza mpaka mwisho aliondoka kijijini wiki ile ya mazishi, na sijampata. Kuna mambo ambayo toba hufika ikiwa imechelewa, nasi hubaki kuyakabidhi kwa Mungu asiyechelewa.

Ninachowaambia wanafunzi wangu sasa, wanapojiandaa kwenda sharikani, ni kidogo. Soma daftari la usharika, lakini anza na ukurasa wa ubatizo. Jifunze saa ambazo watu wa mahali pako huwa macho. Mlinzi wa lindo, dereva wa lori, muuguzi wa zamu, binti anayehudumu baa, mpiga gitaa: hao nao ni kundi, na usiku una wachungaji wachache. Na ukiona watu wameketi kusikiliza jambo kwa heshima ambayo hujaiona hata kanisani kwako, usiharakishe kuwahukumu. Kaa nao mpaka upande wa santuri uishe, halafu ndipo useme.

Mwenyeji wangu wa Minnesota alifariki miaka michache iliyopita. Kabla ya hapo alinitumia kwa posta ile santuri ya Uhuru Afrika, imefungwa kwa magazeti na maboksi matatu. Sina gramafoni. Imesimama kwenye rafu yangu ofisini, kati ya Katekisimu na kitabu cha Tumwimbie Bwana. Wanafunzi wakiingia huuliza ni nini, nami huwaambia wakae.